Shimo Linaloitwa Noella

Papa,

Noella amepata tena. Alinipigia jana kutoka Kivu, sauti inaruka kwa furaha: kijito kipya, na mchanga mweusi, mzito, umebaki chini ya karai. Wolfram tupu, yale madini yako. Nikamwambia félicitations, hongera sana. Moyoni niliungua, Papa, na nakuambia wewe kwa sababu hutamwambia.

Tangu uzikwe mwaka jana, mdogo wangu ndiye anayepanda milima yako. Mimi niko Ganshoren, huku Brussels, nahudumia wazee wa watu kule Uccle. Hata utotoni ulichagua haraka: "Mutoto wa kwanza anabakiaka na maman. Noella, twende!" Nikabaki nachambua maharage, nikijua kabisa mnachofanya: mnaosha mchanga kwenye kila kona ya kijito, mkipanda, mpaka ule weusi unapokatika. Hapo mnarudi nyuma kidogo, mnachimba ubavu wa mlima. Noella alinisimulia yote kitandani, na mimi nikajifanya nimelala.

Kisha shimo likapewa jina lake. Sawa, ni desturi yenu, shimo huitwa jina la anayeona weusi kwanza. Lakini mpaka leo wachukuzi wanasema, "Natoka Noella." Hakuna anayetoka Aline.

Cheka basi. Mwezi uliopita nilinunua karai kwenye soko la Jumapili la stesheni ya Gare du Midi. Nikachota mchanga pale watoto wanapochezea, nikauosha bafuni, ndani ya sinki la kuogea. Bomba likaziba. Mume wangu akasimama mlangoni: "Bon, maman, unatafuta nini mu baignoire?" Nililia mpaka akaogopa.

Sasa Noella anasema shimo atakalochimba kwenye kijito hicho ataliita Aline. Nilikata simu. Sitaki jina la kuhurumiwa, tena kutoka kwake! Nilitaka kwenda na wewe, Papa, hata siku moja tu.

Leo asubuhi nimempigia tena. Nimemwambia shimo hili aliite jina lake, alilipata yeye. Ila kijito kinachofuata anisubiri, nakuja likizo. Tutaosha wote, na nikiuona weusi kabla yake, atanitambua.

Pumzika, Papa. Nakupenda na bado nimekukasirikia. Kaburini kwako nitafika, nakuahidi, lakini nikishatoka mtoni. Safari hii wewe ndiye utakayebaki ukingoja.

Aline wako