Waya wa Chumbani kwa Mama

Wanangu,

Wali uko kwenye sufuria, upasheni. Nguo mzianue kabla mvua haijanyesha. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi nikitulia.

Mlipotoka asubuhi nilimwita fundi aangalie kwa nini kompyuta ya chumbani kwangu haipati mtandao. Ninyi mliniambia ukuta ni mnene. Amefungua kisanduku cha mtandao cha sebuleni, nyaya zenu zote zimechomekwa, taa zinawaka. Wa kwangu umekunjwa vizuri pembeni, umebanwa kwa kibanio chako cha nywele, binti yangu. Mtu aliyesahau habani kibanio.

Na mimi ndiye niliyewashikia ngazi mkipitisha nyaya hizo darini. Nimempigia baba yenu, anacheka, eti nikiongea na mama yenu mkubwa mtandaoni nyumba nzima hamsikilizani. Si mngesema, nipunguze sauti? Dada yangu yuko hospitali, kila jioni naenda kusimama kwa jirani nipate mtandao wa kumwona kwenye simu, na nikirudi mnanipa pole.

Sasa wa kwangu nimeuchomeka. Zenu nimezichomoa, nimezikunja vizuri, nimezifunga kwa kamba za viatu vyenu. Mtandao usipofika vyumbani mwenu, basi ukuta ni mnene.

Mama yenu