Mwanangu Hatoki Uwanjani

Jumapili, 5 Novemba

Tumefungwa tena. Viti vilevile vya uwanjani alivyoniachia marehemu mume wangu, na majirani walewale, Bernie na mkewe Marlene. Klabu ilinipa nafasi kwenye chumba cha vioo pamoja na mama za wachezaji. Nikakataa. Kule hakuna hata wa kubishana naye.

Asubuhi kwenye maegesho, tukichoma soseji, Bernie alimchambua kwotabeki wetu, yule anayerusha mipira na kuongoza mashambulizi, yaani mwanangu Colby, kama vile mimi sipo. Mkono hauna nguvu, pasi ndefu zinafia njiani. Marlene akasema hakuna anayewasoma wapinzani kama yeye, tena haogopi kuumizwa. Bernie akasema huko kutoogopa ndiko kunakotuponza: anang'ang'ania mpira mpaka wanamfikia. Kisha akanikumbuka.

"Usinune, Mama Colby. Angekuwa wangu ningemsema zaidi."

Sikununa. Lakini robo ya tatu aling'ang'ania mpira, wakamfikia. Kichwa kikapiga chini. Akainuka mwenyewe, uwanja mzima ukampigia makofi. Na mimi nilipiga.

Jumatatu, 6 Novemba

Colby kapiga simu. Kauliza kama nimepeleka gari kwa fundi. Nimepeleka. Tukaongea habari za bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, nani atakuja, nani kanuna. Kisha akauliza kama nimepeleka gari kwa fundi.

Nikamwambia ameniuliza hilo sasa hivi. Akajua nimejua.

"Usimwambie mtu, Mama. Maswali ya daktari nimeyajibu yote. Nikikaa nje wiki moja tu, yule wa akiba hatoki tena."

Nimeahidi. Mungu wangu, nimeahidi nini?

Alhamisi, 9 Novemba

Redioni ni yeye tu. Abaki, atolewe. Muuza nyama naye ana lake.

Marlene kaniletea keki. Anasema Bernie kageuka, siku hizi anamtetea: mtoto ana moyo, aachwe acheze. Msimu mzima nimeomba wampende. Leo natamani wamzomee mpaka kocha amtoe.

Nilitafuta namba ya daktari wa timu. Sikupiga. Ni mtu mzima, na huu ndio mkate wake. Naogopa akinichukia. Naogopa zaidi akigongwa tena.

Jumapili, 12 Novemba

Naandika kwenye simu, mlangoni pa vyumba vya timu.

Tunaongoza kwa pointi tatu. Robo ya nne wachezaji walijipanga, na Colby akaenda kusimama nyuma ya mtu siye. Anayempa mpira yuko katikati, miaka yote — yeye kasimama pembeni, mikono tayari, anasubiri mpira usiokuja. Mwenzake akamsogeza kwa kumshika kiuno. Watu wakacheka. Bernie akasema anawazuga wapinzani, huyo mjanja.

Nikamwambia Bernie ukweli wote. Kaacha kucheka. Kanitazama, kautazama uwanja.

"Subiri basi wamalize mpira huu, Mama Colby."

Nikashuka ngazi.

Mlinzi hanipitishi. Kauliza wangu ni nani. Nikamtaja, nikamwambia ameumia kichwa, atolewe sasa hivi. Akatabasamu kwa fahari. "Yule? Yule hatoki, mama." Nikasema tena, kwa sauti. Tabasamu likaisha, akaenda kumwita mkubwa wake.

Bado hajarudi. Huko juu wanaimba jina la mwanangu. Kwa hiyo bado yumo uwanjani.