Jinsi Nilivyomfuta Mzee Abdalla kwa Kompyuta

Thika, Jumatano, Novemba 1996

Baridi na mawingu tangu asubuhi, lakini mimi nimeshinda nikitoka jasho.

Leo nimemfuta mtu kazini bila kukusudia.

Hapa kiwandani likizo huchaguliwa kwa alfabeti. Wa A anaanza na kuchukua Krismasi, wa W anabakishiwa Februari. Mwaka huu Mama Wanjiru, anayepakia mikebe, alimwambia meneja amechoka kuwa wa mwisho. Meneja akakubali orodha igeuzwe. Kazi nikapewa mimi, kwa sababu nilisomea kompyuta Ruiru miezi mitatu na nimejisifu sana.

Ningeweza kuyapiga majina taipu upya kwa dakika kumi. Lakini nilitaka meneja aone programu.

Nikaiandika: jina la mwisho liende nafasi ya kwanza, la kwanza liende ya mwisho, hivyo hivyo hadi orodha iishe. Nikachapisha, nikabandika ukutani bila kusoma.

Saa nne Mzee Abdalla wa stoo akaingia ofisini. "Muthoni, kwani nimefutwa?"

Nikaenda kuangalia. Mama Wanjiru alikuwa wa kwanza. Pia alikuwa wa mwisho. Watu kumi na watano walikuwa wameandikwa mara mbili, na kumi na watano hawakuwepo kabisa.

Nikamweleza Mzee kwamba kompyuta ilimwandika Mama Wanjiru juu ya jina lake, na ilipofika zamu ya kulipeleka jina hilo chini, halikuwepo tena.

Akafikiria. "Mimi nikibadilisha makreti mawili nafasi, moja naliweka kando kwanza. Mimi uliniweka wapi?"

Sikuwa nimemweka popote.

Nikaongeza nafasi moja ya kumshikilia. Orodha ikatoka sawasawa na ya mwaka jana. Programu ilifika katikati ikiwa imeshageuza kila kitu, kisha ikaendelea hadi mwisho ikirudisha. Mama Wanjiru alinitazama kana kwamba nimekula kitu kidogo, hongo ya wa A.

Mara ya tatu niliiambia isimame katikati. Nikasoma kila jina kwa kidole.

Mama Wanjiru amepata Krismasi yake. Mzee Abdalla amepata Februari, na nilipoanza kumwomba msamaha akacheka. "Idd itaangukia Februari. Miaka yote nachukua Krismasi kwa sababu mnaniuliza mimi kwanza."

Kisha nikatafuta jina langu. Tuko thelathini na mmoja, na thelathini wamehama nafasi. Muthoni alikuwa wa kumi na sita. Bado ni wa kumi na sita.

Kesho nitamuuliza meneja kama mwaka ujao tunaweza kuanzia katikati.