Picha ya Kichwa cha Awadhi

Jumapili, 3 Julai 1994
Issa karudi na kaka yake, mume wangu Awadhi, kutoka hospitali Dar. Picha za kichwa kazibeba kwapani kama gazeti. Shemeji, shukuru Mungu, picha safi! akaniambia. Majirani wakapiga vigelegele. Mimi nikaingia jikoni nikalia.

Nilikuwa naomba madaktari waone kidonda kichwani. Ndiyo, naandika hivyo hivyo! Tangu Awadhi aanguke kutoka juu ya lori la mbao mwezi wa tatu, si mume wangu yule — anasahau, anafoka, analia bila sababu. Mwezi uliopita, kisa shati halijapigwa pasi, akanitamkia talaka tatu. Shehe akasema tungoje kipimo. Ubongo ukiwa umeumia, talaka haipiti. Akiwa mzima, imepita.

Jumatatu, 4 Julai
Nimehamia stoo, na magunia ya viazi. Baridi!

Jumatano, 6 Julai
Njombe. Nimechukua bahasha ya picha bila kumwambia Issa. Daktari Yoeli, Mbena mpole, akazibandika picha kwenye kioo chenye taa. Hakuna damu, akasema, hakuna ufa. Lakini nyuzi za neva zikikatika kwa mtikisiko, mashine iliyopiga picha hizi mara nyingi haizioni. Ipo nyingine ya sumaku, inaona zaidi. Iko wapi? Nairobi labda, au Ulaya.

Nikamsihi aandike tu kwamba ubongo umeumia.
"Mama, hata mimi naamini umeumia. Ila picha haijasema, siwezi kuisemea."
Akaandika mstari mmoja: picha safi haitoshi kusema mtu ni mzima. Nimerudi Makambako nao kifuani.

Alhamisi, 7 Julai
Shehe kausoma mstari wa daktari mara mbili. Haukatai, haukubali. Atawauliza wakubwa zake Iringa. Mpaka hapo nikae mbali na Awadhi. Issa kacheka — shemeji anamtafutia mumewe ugonjwa! Namtafutia, ndiyo. Nimwambie nani? Kwetu Tanga, huku sina mtu.

Ijumaa, 8 Julai
Asubuhi. Awadhi yuko mlangoni kwangu. Anagonga polepole.
"Rehana, mbona unalala na viazi? Nimekukosea nini?"
Hakumbuki! Hajui hata kwamba ameniacha. Njooni msikie, mnataka picha gani tena? Lakini uani hakuna mtu. Issa kaenda sokoni. Nikifungua, watasema nimemrudia mtu aliyeniacha. Nisipofungua —

Anagonga bado. Anauliza kama ninaumwa.