Bakuli la Maji Halikuonekana

Mtani wangu Ndahani,

Ni mimi Maganga, fundi seremala, miaka themanini na moja, na meno kumi na tisa bado ni ya kwangu. Nimezika wake wawili na kaka zangu wote. Nimeishi kumpita mkoloni, kupita nzige, kupita ile njaa ya unga wa njano, kupita treni ya makaa uliyokuwa ukijisifia, na kuwapita madaktari wawili walioniambia sitamaliza mwaka. Chui alinikuta penye mzinga wa nyuki kule Ulyankulu, nikamfukuza kwa patasi. Wewe ulikuwa unasema chui huyo kila nikimsimulia anaongezeka urefu. Sawa. Leo nakwambia neno ambalo sijamwambia mtu yeyote. Naogopa, mtani. Naogopa sana.

Naandika kwa penseli ya fundi, herufi moja moja, kama tulivyofundishwa elimu ya watu wazima, mimi na wewe benchi moja. Wewe ukashika kusoma, mimi nikagombana na mwalimu. Usicheke mwandiko. Binti yangu Tatu angeniandikia, lakini habari yenyewe inamhusu yeye, na sitaki aone baba yake anavyoogopa.

Wiki tano sasa tangu tukuzike. Lile gogo la mninga ulilokuwa unakalia karakanani sijalipasua. Ulikuwa unakuja asubuhi, unavaa miwani, unanisomea simu: nani kafa, nani kaoa, mvua imenyesha wapi. Mimi nakujibu, "Uongo huo, nani kaupiga muhuri?" Unasema, "Mnyamwezi wewe, hata jua likichomoza unataka muhuri." Sasa hakuna wa kunisomea. Na ndio wakati ambao humo kwenye simu wananisema mimi.

Unakumbuka ule mkutano wa shuleni, walipokuja wageni kuchukua maoni yetu kuhusu mtandao? Wakauliza umetusaidia nini, umetudhuru nini, na serikali iufanyeje. Tatu akasema asali yake anaipiga picha, inapata mnunuzi Dodoma na Mwanza kabla haijaingia mjini, na wakizima mtandao yeye atauza wapi? Mwalimu mmoja akasema sheria iwepo, ila watu wasomewe kwanza waielewe. Muuza kahawa akasema wauzime usiku tu, ili wake za watu walale. Watu wakacheka. Mimi nikasimama, maana mimi sisemi nimekaa. "Andikeni! Maganga anasema, anayerusha picha ya mtu kwenye mtandao afungwe! Asiulizwe kwa nini. Afungwe, hata akiwa mwanangu wa kumzaa!"

Makofi yalipigwa, mtani, uliyasikia. Wakaandika, nikatia saini yangu, ile ndefu. Wewe ukanivuta shati. "Kaa chini. Umeshamfunga mtu na jina lake hulijui." Nikakwambia unatetea simu kwa sababu huna ng'ombe wa kuchunga, Mgogo gani wewe.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Ulinilazimisha mwenyewe. Ukiwa kitandani ulisema, "Mtani, usije ukanililia kama mjane. Nizike wanavyozikana watani." Nami nikakuzika. Sanduku nililitengeneza kwa mikono yangu, mninga mtupu, hakuna fundi Tabora hii angekutolea mbao ile. Kisha makaburini, kabla hawajakushusha, nikaruka shimoni nikaketi. Nani mwingine mwenye miaka yangu angeruka? Nikapiga kelele: "Hashuki mtu humu! Babu zangu walipita kwao na pembe mabegani, wanakwenda pwani, ndimi zimekauka, na babu zake wakawadai hongo, ushuru wa maji ya kisima! Leo nataka maji yangu! Mbao nimempunguzia, miguu tutaikunja! Mwizi wewe! Hushuki!" Nikagonga sanduku lako kwa ngumi.

Waliokuwepo walicheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Wote wanajua utani wetu ulitoka kwenye njia ile ya misafara, na kwamba asiye na mtani wa kumtukana siku hiyo amezikwa kama mgeni.

Lakini ile video inayozunguka inaishia hapo. "Mwizi wewe! Hushuki!" Ngumi. Basi. Mama Yona, mke wako, akileta bakuli la maji, haimo. Mama Yona akicheka mpaka kilemba kinamdondoka, haimo. Mimi nikinywa nusu, na nusu nikikumwagia kwenye udongo usafiri bila kiu, haimo. Mimi nikilia, vijana watatu wakinivuta juu kama gunia la mpunga, hiyo nashukuru haimo.

Imefika kwa watu ambao hawajui utani ni kitu gani, na hawakujui wewe wala mimi. Nilimwambia Tatu anisomee wanasemaje. Akasoma matatu akaifunika simu. Wa kwanza alisema mimi ni mchawi. Wa pili alisema nimewatukana Wagogo wote. Wa tatu alisema, "Mzee kama huyu afungwe, asiulizwe kwa nini." Mtani, nilishika meza. Yale ni maneno yangu. Yalitoka kinywani mwangu, na sasa mtu wa mbali nisiyemjua ananirudishia.

Tangu hapo sina raha. Mwanamume mmoja alipiga simu ya Tatu akaomba kuongea na mimi. Shikamoo hakusema. Alisema, "Mzee, tunajua karakana yako ilipo," akakata. Sasa napiga randa uso wangu ukitazama mlango. Juzi kijana wa bodaboda alipita akapaza sauti, "Babu wa kaburini!" Labda alikuwa anatania tu. Mimi niliyemfukuza chui nilijikuta nimejificha nyuma ya kabati ninalomtengenezea Mama Yona. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Chui nilimwona, mtani. Hawa siwaoni.

Jumatatu ikaja karatasi ya kuitwa ofisini kwa mtendaji wa kata. Niliisoma mwenyewe mara nne. Nikaenda. Yule mama wa ofisini ana adabu, alisimama, "Shikamoo mzee," nikaitikia marahaba, sauti yangu ikatoka ndogo kama ya mtu mwingine. Akasema, "Kuna malalamiko juu yako, kwamba umemdhalilisha marehemu na kabila lake mtandaoni. Uje Alhamisi saa tatu. Na uje na aliyerekodi." Niliona kama ile karatasi ya maoni yangu iko chini ya kiwiko chake, na saini yangu inachungulia.

Jana mchana nikamwuliza Tatu kama anajua nani alirekodi. Alikuwa anafuta vifuniko vya chupa za asali. Hakuinua kichwa.

"Ni mimi, Baba."

Alikuwa ameituma nzima, na bakuli na vicheko, kwenye kundi la msiba, kwa sababu mwanao Yona hakupata ruhusa ya kazi na hakukuona ukishuka. Nani aliitoa kwenye kundi na kuikata, Mungu anajua. Kisha akasema, "Nitakwenda mwenyewe. Wewe baki. Si ulishasema, hata akiwa mwanao?" Hakusema kwa hasira, mtani. Angesema kwa hasira ningepata nguvu ya kumjibu.

Nikafikiria. Niseme nilijirekodi mwenyewe? Nikiwa shimoni? Niseme ni mtu wa kupita tu? Nikawaza kukimbilia kijijini Choma kwa dada yangu, kwenye ng'ombe, ambako simu haishiki mpaka upande juu ya kichuguu. Nilishaweka kanzu na msumeno kwenye mfuko. Mimi. Maganga.

Tatu alipouona mfuko akatoa simu yake. "Kuna kitu sijakusikilizisha, Baba. Niliogopa utaumia." Akabonyeza.

"Tatu mwanangu..."

Ilikuwa sauti yako. Na kile kikohozi chako. Nikamwambia zima! Nikatoka nje nikashika ukuta.

Yaliyobaki alinieleza yeye kwa mdomo. Kwamba siku nne kabla hujafa ulimtumia maneno hayo, ukamwomba arekodi siku ya mazishi, awatumie wanao walio mbali waone kwamba ulizikwa na mtu anayekujua. Na kwamba ulisema asiniambie mimi, maana nikijua narekodiwa nitajisifia mpaka jua litue.

Hilo si kweli. Ningejisifia kidogo tu.

Kwa hiyo, mtani, mfuko nimeufungua. Kesho tutakwenda mimi, Tatu, na wewe ndani ya simu. Mimi niliyetaka wanaorusha picha wafungwe! Nakuahidi sitatoka nje. Nitakaa kwenye kiti chao nikusikilize mpaka mwisho, ingawa nakwambia wazi, naogopa sauti yako kuliko pingu. Wakimaliza kusikiliza nitaomba karatasi ya maoni yangu, popote walikoipeleka, waandike chini yake kwamba Maganga alikosea. Unajua neno hilo nimelisema mara ngapi maishani. Sitasema sheria isiwepo. Yule aliyelikata bakuli la maji natamani apatikane. Ila aulizwe kwanza. Tatu aulizwe. Mimi niulizwe. Hilo ndilo nililoliruka siku ile kwa ajili ya makofi.

Sijui watanijibu nini. Bado naogopa, unaona mistari inavyopanda. Nikirudi nitamaliza kabati la mkeo, kisha lile gogo lako nitakuchongea msalaba, mimi Mwislamu, na nitauleta na ndoo ya maji. Wasiponirudisha, Tatu anajua gogo lilipo.

Lala, Mgogo. Usiwatoze hongo uliowakuta huko.

Atakayebishia habari hii amwulize Mama Yona. Bakuli analo, la bati, lina maua mekundu, limebonyea ukingoni pale nilipoling'ata. Amwulize mwinjilisti aliyekuzika, aliyeshika Biblia kwa mkono mmoja na kola yangu kwa mkono wa pili. Na shahidi wa tatu ni wewe. Kesho saa tatu, mtani, sema kwa nguvu. Masikio yangu siyo yale ya zamani.