Soksi Ninazozificha Ili Watu Waingie Dukani

Shangazi mpendwa, naomba unishauri kabla sijaumbuka, maana hili siwezi kumwambia mtu hapa mtaani, na ukweli ni kwamba sina hata huyo wa kumwambia. Mimi ni dobi, mtu mzima, wanangu wanaishi mbali. Zamani nilifua kwa mikono kwenye bomba la pamoja na wenzangu, tukicheka mpaka mbavu zinauma, huku maji yanamwagika ovyo na hakuna anayejali. Bomba lilipoanza kukauka nikabuni huduma yangu: mashine za umeme wa jua, maji ya kusuuzia mara ya mwisho nayakinga kwenye tangi yafulie mzigo unaofuata, na mteja hapangi foleni, anasukuma mfuko dirishani, analipa kwa simu, nguo zikikauka anapata ujumbe, anachukua kwenye kabati la nje, huyo anakwenda zake. Watu wakanisifu, hata wenzangu wa bombani wakaniletea nguo zao, na hapo ndipo nilipojimaliza, kwa sababu bombani hakuna tena anayekwenda na kwangu hakuna anayeingia. Nasikia mfuko unaanguka, puu, nikichungulia mtu kashapotea. Nimefika mahali naigombeza mashine, Shangazi, ili nisikie sauti ya mtu.

Siku moja soksi ilibaki ndani ya mashine, mwenyewe akagonga mlango, akaingia, tukaitafuta pamoja, akaniuliza hali, nikafurahi karibu nilie. Tangu hapo, Mungu anisamehe, naficha. Leo soksi ya muuguzi, kesho mkanda wa gauni la jirani, vyote vimo kwenye kopo la biskuti chini ya meza, na mtu akija namwambia, "Kaa kwanza, itakuwa humuhumu." Sasa wanasema mashine zangu zinakula nguo, na muuguzi amerudi kufua kwake, bomba wazi. Wakihama wote, huduma itakufa na maji yatamwagika kama zamani. Na kuna mzee mmoja, mgane, fundi cherehani mstaafu, analeta shati ambalo ni safi kabisa, na kila akipita anaulizia soksi yake niliyoificha, halafu anasema, "Usihangaike mama, sina haraka." Naogopa amenigundua, ananitega. Nifanyeje?

Dobi Mpweke

Mwanangu, nimecheka, kisha kicheko kikanikauka. Upweke wako naujua, nami napokea barua za watu nisiowaona. Lakini aibu! Muuguzi anasimama kutwa wodini, anarudi hoi, halafu wewe unamchezesha kombolela na soksi? Ulipobuni huduma ulifikiria maji, ukafikiria umeme, ukafikiria haraka ya mteja, ukamsahau mtu atakayeshinda humo ndani. Mtu huyo ni wewe. Huduma nzuri ikimchosha roho mwenye nayo, ataiharibu kwa mikono yake mwenyewe, na ndicho unachokifanya.

Toa hilo kopo chini ya meza. Pita nyumba kwa nyumba, rudisha kila kitu, na useme wazi, "Nilikificha mimi." Mashine usiisingizie, haijakukosea. Watakaokununia waache wanune, na muuguzi umfulie bure mpaka akusamehe.

Dirisha usilifunge, wenye haraka wanalihitaji. Ila na mlango nao uwe wazi. Weka benchi, waite wenzako wa bombani mchana mmoja kila wiki, mrekebishe nguo za wateja: vifungo, zipu, mifuko iliyotoboka. Nguo iliyoshonwa haitupwi jalalani, na watu watailipia kazi hiyo. Umbea hutahitaji kuutangaza, utakuja wenyewe.

Utauliza fundi utamtoa wapi. Hebu acha utani! Mzee mwenye cherehani, analeta shati safi lifuliwe, anaulizia soksi na kukusihi usiipate upesi, wewe unadhani anakutega? Maji unayookoa kwa jasho mnayamwaga nyinyi wawili kwenye shati lisilo na doa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusema "karibu".

Basi anza na mlango wake, leo hii. Mpe soksi yake, umwombe radhi, umweleze kazi ya benchi. Akikuambia hakuwa na haraka, mwambie hata wewe hukuwa nayo.

Shangazi