Kaburi Kando ya Kisima

Theta, 14 Januari 2024

Kwako mdogo wangu Wangechi,

Habari ya huko Thika? Uko mzima? Sisi huku tuko, Kiama amerudi shule, ni magoti yangu tu yananisumbua. Nakuandikia karatasi kwa sababu simu yako hushikwa na yule msichana wako wa ofisi, Maxine, na mimi sikuzaliwa tumbo moja na Maxine.

Nimepata barua ya wakfu wako. Inaanza, “Mpendwa Mnufaika.” Haiya! Mnufaika, mimi niliyekubeba mgongoni mpaka ukajua kukimbia! Ati mnakuja kuchimba kisima cha msaada “kwa jamii isiyo na maji.” Kwani hiki alichochimba baba hapa uani kinatoa uji? Miaka ishirini na mbili nagawia kijiji maji bure. Kila asubuhi mitungi inapanga laini kutoka langoni. Mimi hujua nani ana mimba kabla bwanake hajajua. Kanisani naachiwa kiti cha mbele, na si kwa ajili ya sadaka.

Utajiri wako sikuuonea wivu. Ulipoanza na magunia makuukuu pale Eneo la Viwanda, nilikuombea. Ukanunua kile kiwanda cha biskuti kilichokuwa kinakufa, ukakifufua, ukakiuza, ukaingia kwa hisa, mpaka juzi nakuona kwenye gazeti ambalo mwenye bucha alifungia nyama yangu: “Bilionea wa Thika.” Nikaipika ile nyama nikaimaliza. Lakini kutoa? Hata kutoa unataka uwe wa kwanza?

Fundi wako alikuja na vyuma vyake, akasema maji mengi yako chini ya mparachichi, hatua kumi kutoka kisima changu. Mwambie hapo hapachimbwi. Hapo kuna kaburi. Marehemu mama alizaa kijana kabla yako, hakumaliza wiki, wakamzika pale. Hukuambiwa kwa sababu mama hakutaka asemwe.

Dada yako,
Mama Kiama

*

Thika, 2 Februari 2024

Mama Kiama, dada yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa magoti. Hiyo “mnufaika” imenitia aibu. Maxine hutuma barua mia kwa siku, lakini kosa ni langu.

Nilisoma barua yako ndani ya gari nikashindwa kushuka. Watu walikuwa wananingoja kwa mkutano, wakangoja. Nimehamisha mashine, tutachimba kwa uwanja wa kanisa. Pale chini ya mparachichi pasiguswe na mtu.

Dada, aliitwa nani?

Mdogo wako,
Wangechi

*

Theta, 20 Mei 2024

Wangechi,

Hujambo? Mimi sijambo sana, lakini nasukuma siku.

Maji yako yametoka. Mifereji sita! Padri ameyabariki, akina mama wamecheza mpaka vitambaa vikaanguka. Hata Nzomo jirani, ambaye nimemtekea tangu ahamie hapa, sasa anapita langoni na mkokoteni akitazama upande ule mwingine. Juzi aliyekuja kisimani kwangu ni kuku wake.

Nakuonea wivu. Haya, nimesema. Una magari, una majumba, na sasa umechukua hata salamu zangu za asubuhi.

Uliuliza jina. Aliitwa Muriithi, jina la babu, unajua desturi ya kijana wa kwanza. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi. Mama alimfunga kwa leso ya kijani. Usiniulize mengine.

Dada yako,
Mama Kiama

*

Thika, 11 Agosti 2024

Dada yangu,

Habari za siku nyingi? Kiama anaendeleaje na masomo?

Nina jambo. Hospitali ya misheni hapa Thika nimewajengea wodi ya watoto wachanga. Ina vitanda vya joto kumi na viwili, vya wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Juu ya mlango tumeandika “Wodi ya Muriithi.” Nimekuwekea picha ndani ya bahasha. Tunafungua Jumamosi, tarehe 28 Septemba, na utepe utakatwa na wewe, si mheshimiwa.

Naomba kitu kimoja tu. Beba udongo kidogo kutoka kaburini, tupande nao mti.

Mdogo wako,
Wangechi

*

Theta, 22 Septemba 2024

Wangechi,

Natumai u mzima. Mimi sili vizuri.

Wiki sita sijakujibu. Mara tatu nimechukua jembe nikaenda mpaka chini ya mparachichi, nikarudi. Hakuna kaburi. Hakuna mtoto. Woi, Ngai, nimemsingizia mama na yuko kaburini mwake.

Nilitaka tu mashine yako isikaribie kisima changu. Ulipouliza jina ningeweza kunyamaza, lakini nilikuwa nimeiona ile mifereji, nikaongeza nywele, nikaongeza leso. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mpaka juu ya mlango wa hospitali.

Lete mashine, uchimbe popote unapotaka. Futa jina. Kukata utepe siwezi kuja.

Na nikumalizie ukweli wote: nilipoona hiyo picha nilikuonea wivu hata kwa huyo mtoto. Nimemtunga mimi, na wewe umemfanya wako.

Nisamehe ukiweza.

Dada yako,
Mama Kiama

*

Thika, 25 Septemba 2024

Mama Kiama,

Salamu. Kula, tafadhali.

Nilijua. Mwezi wa sita nilienda Ruiru kwa tata, shangazi yetu, nikamuuliza habari za Muriithi. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Akasema mama alizaa wasichana wawili basi, na wote aliwapokea yeye kwa mikono yake. Nilikasirika siku tatu. Nilimwagiza Maxine apeleke mashine ing'oe huo mparachichi, kisha nikamkataza.

Unakumbuka mwaka wa 2011 niliposema naenda Mombasa kikazi? Sikwenda. Nilikuwa hapa hapa Thika, hospitalini. Nilizaa kijana wa miezi saba. Kitanda cha joto hakikuwepo. Aliishi mpaka saa nane mchana. Baba yake alikuwa ameshatoroka. Waliniuliza jina nikasema sina, wakamchukua, na sikuuliza wanampeleka wapi.

Sikukuambia kwa sababu ya wivu. Kiama alikuwa na miezi miwili, na baada ya hapo kila ukija kuniona ulikuwa naye mgongoni. Nilikuwa nakuchukia, dada, nakuambia kweli. Ukiondoka narudi kazini, nanunua hisa, nauza hisa, nisikae bure. Hilo gazeti halijui ndivyo nilivyotajirika.

Uliposema alikuwa na nywele nyingi, niliketi chini. Zilikuwa nyingi.

Jina halifutwi na mashine haiji. Jumamosi njoo ukate utepe, na udongo uutoe pale pale chini ya mparachichi, kwa mkono wako. Nikija Theta nataka niwe na mahali pa kusimama.

Mdogo wako,
Mama Muriithi